Wapenzi wa muvi na katuni za kutisha wa Mtwara na Lindi: kipindi hiki mnaangaliaje? (Uzi)

Mtu wa Chikongola

Wakuu, salaam kwenu.

Juzi msibani shemeji yangu kaniuliza mbele za watu: "Hivi wewe, na mambo yote haya ya nchi, moyo wa kuangalia watu wanaliwa na mazombi unautoa wapi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana msibani hapana nafasi ya mhadhara. Mhadhara nautoa hapa.

Mimi ni mgonjwa wa muvi za kutisha, na katuni za kutisha ndiyo kabisa. Ugonjwa nimeutoa kwenye vibanda umiza vya video vya Mtwara mjini, enzi za mikanda iliyotafsiriwa na Lufufu, benchi moja mmebanana na bati linawaka juu. Muvi za Bongo za Nsyuka na Shumileta zilipoingia nilikuwa bado naoga kwa kulazimishwa. Chooni nikawa siendi bila mdogo wangu. Choo cha uani, mnakijua.

Sasa turudi karibu. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchi nzima, kila mtu alibaki na kilichokuwemo kwenye simu yake. Wengine walibaki na video za harusi. Mimi nilibaki na flashi imejaa maiti zinazotembea. Ndugu wa Dar hawapatikani, kila anayepiga simu ya kawaida ana habari yake, na kila habari ni mbaya kuliko iliyotangulia. Usiku nikawasha laptopu, nikaangalia mazombi mpaka mwisho, nikalala fofofo. Hapo ndipo shemeji haniwezi.

Hoja yangu ni hii: jini la kwenye muvi lina masharti. Mnyonya damu haingii mpaka umkaribishe, na jua likichomoza habari yake imekwisha. Zombi ukimpata kichwani anatulia. Ukiyajua masharti una nafasi, na hata usipopona, wanaoangalia wanajua ulikosea wapi. Haya, nipeni masharti ya gari lisilo na namba linalosimama mlangoni kwa mtu usiku wa manane. Azory Gwanda, mwandishi wa habari, alichukuliwa Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Kibiti ni hapo hapo tunapopita na basi kila tukienda Dar. Huyo alivunja sharti gani?

Naendelea, nipeni dakika.

Nahodha Shangani

Nimekaa mbele. Lete.

Abuu Saumu

Mkuu, majini yapo kweli na hayahitaji kutangazwa. Unayakaribisha nyumbani kwa laptopu halafu unasema umelala fofofo. Huko si kulala, ni kushikwa.

Mtu wa Chikongola

Abuu Saumu, nimekusoma. Nasoma Ayatul Kursiy kabla ya kuwasha, na nyingine baada ya kuzima.

Naendelea. Muvi iliyozaa mazombi wote mnaowajua ni Night of the Living Dead ya George Romero, ilitoka Oktoba 1968 Marekani. Inapatikana bure na kihalali kabisa, kwa sababu walipobadilisha jina la muvi walisahau kurudisha maneno ya hakimiliki, ikawa mali ya kila mtu. Kwa hiyo bando tu ndilo litakalokugharimu.

Shujaa wake ni mtu mweusi, anaitwa Ben, kaigiza Duane Jones. Usiku kucha Ben anapigana na maiti, anawapanga watu ndani ya nyumba, anapigilia mbao madirishani. Wenzake wote wanakwisha. Kunakucha. Linakuja kundi la raia wenye bunduki pamoja na sherifu, yaani mkuu wa polisi wa eneo, wanasafisha mazombi. Ben anachungulia dirishani. Wanampiga risasi ya kichwa, wanamburuta, wanamtia kwenye moto pamoja na maiti nyingine. Imeisha hivyo.

Romero alisimulia kwamba walikuwa garini wanaipeleka muvi New York waliposikia redioni kuwa Martin Luther King ameuawa, Aprili 1968. Muvi ilikuwa imeshakamilika. Hakuipiga kwa ajili ya King. Lakini waliokuja kuiangalia Oktoba walikuwa wamebeba Aprili vifuani, na yule sherifu hawakuhitaji kuelezwa ni nani.

Hiki ndicho ninachokipenda. Usiku mzima unaogopa wafu, kumbe wa kuogopwa anakuja asubuhi, amepiga pasi, ana kibali.

Mama Wawili Ligula

Kaka yangu, nimesoma yote na umeandika vizuri, lakini nikuulize kama mama. Mtoto wangu wa darasa la tano tangu mwaka jana haulizi tena habari za mazimwi. Anauliza "mama, baba akichelewa ina maana wamemchukua?" Sasa mimi nimwekee zombi alale vizuri? Ninyi wanaume mnaoishi peke yenu mna mambo.

Mtu wa Chikongola

Dada, mtoto hapana. Mtoto msimulie Sungura na Fisi, fisi apigwe mwishoni. Naongelea sisi tuliokwishaharibika.

Mzee wa Bima

Vijana, mimi ni wa enzi za gazeti la Sani. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Madenge. Philip Ndunguru ndiye aliyekuwa fundi wa wengi kati ya hao, alifariki 1986 akiwa bado kijana. Sani ilikuwa inakuja Mtwara kwa kuchelewa na tunaisoma mpaka karatasi inakuwa kama kitambaa. Miaka ile sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na tunacheka na Lodi Lofa anayedanganya wanawake mjini. Hakuna aliyetuuliza moyo tunautoa wapi. Mtu anayeuliza hivyo anadhani shida ikiingia nyumbani mambo mengine yote yanatoka nje kuipisha.

Mtu wa Chikongola

Shikamoo mzee wangu. Hili nampelekea shemeji kama lilivyo.

Mmwera wa Rutamba

Mnazungumzia mazombi ya Marekani, ngoja niwalete Lindi.

Sisi tumekua na simba. Utafiti uliochapishwa 2005 ulitaja kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 Tanzania, na Lindi ilikuwa kati ya mikoa iliyoongoza. Sababu waliyoiona ni nguruwe pori: nguruwe anakuja kula mazao, mkulima analala shambani kwenye dungu kumlinda nguruwe, simba anakuja kumfuata nguruwe, anamkuta mkulima. Msimu wa mavuno ndiyo mbaya zaidi.

Utafiti mwingine wa 2011 uliangalia mashambulizi ya miaka ya 1988 hadi 2009, ukaona siku za hatari ni zile zinazofuata mbalamwezi kamili. Muvi zenu zote zinasema mwezi ukijaa ndiyo mtu anageuka mnyama. Kwetu mwezi ukijaa unatembea. Ogopa unapoanza kuchelewa kutoka, jioni ikawa giza tupu na simba ana njaa ya siku za mwanga.

Lakini hayo ya nguruwe na mwezi wazee hawakuyapinga wala hawakuyakubali. Wao swali lao lilikuwa jingine: simba sawa, kamtuma nani? Kwa nini kapita nyumba tatu kaingia ya nne? Na jibu la swali hilo hata siku moja halikuwa mtu maskini asiye na lolote. Alikuwa mtu mwenye magunia mengi ambayo hakuna aliyemwona akiyalima.

Bint Mikindani

Ng'ambo ya Ruvuma hivyo hivyo. Muidumbe, kwenye uwanda wa Wamakonde wa Msumbiji, mwaka 2002 na 2003 simba waliua makumi ya watu, na maneno yakaenda moja kwa moja kwa wakubwa, kwamba wao ndio wanaowafuga. Nimesikia nikiwa mtoto kwa ndugu wa upande ule.

Na hata sanaa yetu ni ya kutisha tangu zamani, tunajisahau tu. Lipiko, kinyago cha kuvaa usoni, likitoka kwenye jando, watoto wanakimbia na watu wazima wanajifanya hawakimbii. Wakati wa ukoloni wachongaji waliwachonga Wazungu wenyewe kuwa mapiko, mapua marefu, wakachezwa uwanjani. Mashetani ya Kimakonde mnayaona kwa watalii, yale ya macho manne na mdomo tumboni, mwanzilishi wake anatajwa kuwa Samaki Likankoa. Halafu kuna George Lilanga, huyu ni mtu wa Masasi kabisa, alifariki 2005. Mashetani wake wana rangi za pipi, masikio makubwa, vidole viwili, wanagombana, wanakunywa, wanabebana. Ukiangalia mchoro wake ni ukurasa wa katuni bila maneno. Mtu wa Chikongola, wewe unayesema una katuni, Lilanga unamjua?

Mtu wa Chikongola

Namjua na ndiye aliyeniponza. Nitafika huko.

Mpemba Mtulivu

Assalaam alaykum watu wa Kusini. Nimepita, naomba niweke neno moja zito kidogo.

Sisi tuna Popobawa, shetani la usiku. 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi, alianzia Pemba, akahamia Unguja, akafika mpaka Dar. Watu walilala uani kwa makundi na moto umewashwa. Wasomi wameandika kwamba anakuja na siasa, na sisi wenyewe tulikuwa tukisema hivyo hivyo, huyu kaletwa tusipige kura tukiwa na akili zetu. Na baadaye, kwenye uchaguzi wa 2015 na marudio ya 2016, wakaja watu waliofunika nyuso, usiku, na fimbo. Mitaani wakaitwa mazombi. Sasa nyinyi mkisema mazombi ni muvi, sisi hucheka kidogo.

Lakini neno zito ni hili. Mwaka ule wa 1995 huko Unguja watu walimuua mtu mmoja mgonjwa wa akili, mtu wa bara, wakidhani ndiye Popobawa. Malawi 2017 yalivuma maneno ya wanyonya damu, makundi yakaua watu. Mmwera amesema simba hatumwi na maskini. Sawa. Lakini anayepigwa mawe huwa ni nani? Mwenye magunia yule hupigwa?

Mmwera wa Rutamba

Hapigwi. Ana ukuta.

Nahodha Shangani

Duh.

Mtu wa Chikongola

Mpemba, umenigusa pabaya, na nimekaa na jibu lako tangu asubuhi.

Nakubaliana nawe kwamba hofu ikizunguka mtaani bila sura, watu wataitafutia sura, na watampa aliye karibu na asiye na mtetezi. Bibi kizee. Kichaa. Mgeni asiyejua kuamkia vizuri. Ndiyo maana mimi naipenda hofu ikiwa kwenye kioo au kwenye karatasi. Pale ina jina, ina mwanzo na mwisho, na ukitoka nje humtafuti jirani. Kibanda umiza kikifunga tulikuwa tunarudi nyumbani tunasukumana na kutishana, hakuna aliyemrushia mtu jiwe.

Wajapani walifanya hivyo vizuri. Mwaka 1954 mwezi Machi, Wamarekani walilipua bomu la majaribio kwenye visiwa vya Bikini huko Pasifiki, majivu yakawaangukia wavuvi wa Kijapani waliokuwa baharini. Mashua iliitwa Daigo Fukuryu Maru. Novemba mwaka huo huo ikatoka Godzilla, na inaanza na meli baharini inapigwa na mwanga mkali. Miaka tisa tu tangu Hiroshima na Nagasaki. Watu wa Tokyo wakalipa kiingilio kwenda kuona mji wao unachomwa tena. Wangeweza kuchukia kila mgeni. Wakamtengenezea mjusi mkubwa kama jengo, wakamlilia na yeye pia mwishoni.

Kijana wa Kitaya

Mimi sitaandika sana.

Oktoba 2020 wale wapiganaji wa Msumbiji walivuka mto Ruvuma wakaja kwetu. Waliua, wakachoma nyumba. Ilitangazwa mpaka na mkuu wa polisi wakati ule, kwamba walikuwa kama 300. Kule Msumbiji walianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 na sisi tulikuwa tunapokea watu wanavuka na watoto mgongoni kabla hata redio hazijasema.

Kabla ya hapo nilikuwa naangalia kila kitu. Sasa muvi yenye panga naizima. Bunduki naweza. Mzimu naangalia bila shida, mzimu haujawahi kuvuka mto ukaja kwetu. Lakini panga, na hasa ikiwa wameweka ile sauti, natoka nje.

Kwa hiyo mkuu hoja yako ya masharti ni kweli kwa aliye mbali na jambo. Mimi ule usiku wenyewe muvi isingenisaidia chochote. Imenisaidia baadaye, na si zote.

Mama Wawili Ligula

Pole sana mdogo wangu.

Abuu Saumu

Pole sana. Allah awarehemu waliotangulia.

Mtu wa Chikongola

Kijana wa Kitaya, pole, na asante. Hapo sina la kubishana. Hata mimi ninayo yangu madogo: Mei 2013, siku bajeti ya Nishati iliposomwa na bomba la gesi la kwenda Dar tulilokuwa tunalipinga likathibitishwa, mji ukawaka, jeshi likaingia, sisi familia yetu tukalala mashambani nje ya mji. Sikuweza kuangalia muvi za vita kwa muda mrefu. Za mashetani niliendelea nazo, tena kwa pupa. Hadi leo sijui kwa nini moja ilifungika na nyingine ikafunguka.

Mzee wa Bima

Kwa sababu shetani halina bomba.

Nahodha Shangani

😂😂 Mzee!

Mtu wa Chikongola

Sasa katuni, maana ndiko nilikotaka kufika na ndiko nahitaji ushauri wenu.

Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na kampuni inaitwa EC, mchapishaji wake William Gaines, ilikuwa inatoa katuni za kutisha ambazo watoto walizinunua kama karanga. Maiti zinazofukuka kumdai aliyeziua, mambo hayo. Mwaka 1954 Seneti ikaitisha kikao kuhusu watoto kuharibika, Gaines akaenda kujitetea, wakamwonyesha kava lenye mtu kashika shoka na kichwa cha mwanamke, wakamuuliza kama hilo lina staha. Akasema kwa katuni ya kutisha lina staha, lingekosa staha kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi damu ionekane inadondoka. Hapo alikuwa amekwisha. Wachapishaji wenyewe kwa woga wakaunda kanuni za kujichuja: neno "kutisha" lisiwe kwenye jina la gazeti, wanyonya damu marufuku, maiti zinazotembea marufuku. Katuni zake zote za kutisha zikafa.

Lakini sikilizeni kilichokuja kumkuta baadaye. 1956 alitaka kurudia kuchapisha hadithi moja ya anga, Judgment Day. Mtu kutoka Dunia anakagua sayari ya maroboti, anakuta maroboti ya rangi ya chungwa yanayabagua ya buluu, mabasi tofauti, mitaa tofauti. Anayakatalia kujiunga na umoja wa sayari. Picha ya mwisho, ndani ya chombo chake, anavua kofia: ni mtu mweusi. Hakuna damu, hakuna maiti, hakuna chochote kilichokatazwa. Mchujaji akasema mtu huyo asiwe mweusi. Gaines akakataa na akaichapisha vilevile.

Ina maana wale waliosema wanaogopa damu, damu haikuwa shida yao peke yake.

Sasa mimi. Nimechora katuni yangu. Kijiji kiko Kusini, sikukitaja. Simba anakula watu. Kila anayeliwa, ukirudi nyuma kurasa mbili, aliwahi kusimama kwenye mkutano akauliza habari za makato ya korosho. Simba mchana ni mtu, ana ofisi, ana kalamu mfukoni. Nimemchora kwa macho ya Lilanga, dada Bint Mikindani, ndiyo maana nimesema kaniponza. Nimemaliza, nataka niprinti nigawe hapa mjini na Lindi. Shida ni moja: simba akiwa mtu, nimemvika shati la kijani.

Nahodha Shangani

Mkuu.

Mmwera wa Rutamba

Mkuu badilisha shati.

Mama Wawili Ligula

Kaka, una mke? Una watoto? Badilisha shati leo leo.

Bint Mikindani

Amewaeleza habari ya Gaines mstari kwa mstari na bado mnamwambia abadilishe shati?

Mama Wawili Ligula

Gaines alikuwa New York, mdogo wangu. Huyu yuko Chikongola na nyumba haina hata geti.

Mtu wa Chikongola

Nimefikiria kaki.

Mzee wa Bima

Kaki watasema askari.

Mtu wa Chikongola

Nyeupe?

Mmwera wa Rutamba

Nyeupe kwetu ni daktari au mwizi wa kangomba, yule mnunuzi wa korosho wa magendo, anayekwenda harusini. Lakini ukweli ni kwamba rangi yoyote utakayoweka, aliyeonja makato atamjua. Si umesema Romero hakuhitaji kumweleza mtu sherifu ni nani?

Abuu Saumu

Mvike kanzu.

Mpemba Mtulivu

Kanzu usithubutu.

Abuu Saumu

Kweli, futa hiyo. Nimeongea haraka.

Kijana wa Kitaya

Mchore bila rangi. Nyeusi na nyeupe kitabu kizima. Hata kuprinti ni bei rahisi. Shati libaki kama lilivyo, kila msomaji alipake mwenyewe kichwani. Na pale simba anapoua usichore kisu wala panga, ni meno tu, mimi nitanunua.

Mtu wa Chikongola

Kaka, umenimalizia kazi. Nyeusi na nyeupe.

Mama Wawili Ligula

Na mistari ya shati je? Mfuko wa kifuani? Ile kola?

Mzee wa Bima

Mama, ni simba. Tumwache avae.